Gari la Umeme au Vitz ya Petroli: Hesabu ya Barabara ya Kisumu–Kakamega

Kila ninapotaja gari la umeme mbele ya watu wa Kisumu, swali la kwanza huwa ni hili: je, litafika Nairobi? Ni swali la haki, kwa maana kutoka hapa hadi Nairobi ni takriban kilomita 350 na njiani kuna milima, lakini nimefikia kuamini kwamba ndilo linalowapotosha wanunuzi wengi. Gari la familia ya kawaida huenda Nairobi mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote huenda kazini, shuleni, sokoni na ibadani, na hizo ndizo siku zinazokula mshahara. Kwa hiyo maswali ambayo mnunuzi anapaswa kuanza nayo ni mawili: gari litakwenda kilomita ngapi kila siku ya kazi, na usiku litalala wapi?

Mimi ninaishi Mamboleo na kufundisha Kakamega. Dada yangu anayenifuata anaishi Nakuru, mtaa wa Section 58, katika nyumba ya kupanga ya ghorofa. Ilitokea kwamba sote wawili tulikuwa tunatafuta gari kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na orodha yake: upande mmoja Toyota Vitz na Mazda Demio, magari madogo ya petroli ambayo kila fundi wa Kenya anayajua, na upande wa pili Nissan Leaf, gari la umeme, iliyotumika Japani. Tuliketi na karatasi moja, tukapiga hesabu kwa kanuni zilezile, na majibu yakatoka kinyume kabisa. Naiandika hesabu hiyo hapa kwa urefu kwa sababu gari ndilo deni kubwa ambalo wengi wetu tutalichukua baada ya nyumba, na nimeona watu ninaowaheshimu wakilichukua kwa kusikia tu kwamba jirani amefurahi.

Tuanze na petroli. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na sote tunakumbuka Oktoba 2023, wakati lita moja ya petroli ya super ilipofika shilingi 217.36 jijini Nairobi. Baada ya hapo bei ilishuka, nami nimetumia shilingi 180 kwa lita, ambayo ni rahisi kuikumbuka na haikuwa mbali na hali halisi nilipopiga hesabu. Vitz au Demio iliyotunzwa vizuri, ikipanda na kushuka barabara zetu za huku, hutoa kilomita 16 kwa lita bila kubembelezwa. Wauzaji hutaja 20 na zaidi, na kwenye barabara tambarare yenye mwendo usiobadilika inawezekana, lakini anayepanda kilima cha Riat, kwenye barabara ya Kakamega, kila asubuhi nyuma ya lori la miwa asitegemee hizo.

Kwa upande wa umeme, Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 hutumia kama uniti 16 kwa kilomita 100 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Katika kuchaji, sehemu ya umeme hupotea kama joto kabla haijaingia kwenye betri, hivyo kwenye mita ya nyumbani nimehesabu uniti 18 kwa kilomita 100. Uniti moja ya matumizi ya nyumbani, ukijumlisha kodi na tozo zote, nimeihesabu kwa shilingi 28.

Kutoka Mamboleo kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali hadi Kakamega na kurudi ni kilomita 90 hivi. Vitz itakunywa lita 5.6, yaani shilingi 1,012. Leaf itachukua uniti 16.2, yaani shilingi 454. Tofauti ni kama shilingi 560 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi katika mwezi ni shilingi 12,300. Bei nilizotajiwa kwenye yadi za magari zilitofautiana kwa takriban laki sita kati ya Demio nzuri na Leaf nzuri ya betri ya 40. Ukigawanya, Leaf inarudisha tofauti hiyo kwa miaka minne na mwezi mmoja hivi.

Dada yangu huenda kazini katikati ya mji wa Nakuru na kurudi, kilomita nane kwa siku, tuseme 240 kwa mwezi ukitia na za Jumamosi na Jumapili. Akiba yake kwa umeme ni kama shilingi 1,490 kwa mwezi. Laki sita kwa kasi hiyo zitarudi baada ya miaka zaidi ya 30.

Hapo ndipo watu hushangaa, kwa kuwa maneno ya mitaani husema gari la umeme ni la mtu wa safari fupi za mjini. Kwa upande wa betri maneno hayo ni kweli. Kwa upande wa mfuko ni kinyume chake: anayeendesha kidogo hana mafuta ya kutosha ya kuokoa, hivyo fedha alizoongeza wakati wa kununua hazina njia ya kumrudia. Anayenufaika ni yule anayeendesha sana, kila siku, kwenye barabara ileile anayoijua. Tazama waendesha bodaboda. Wamewahi kuupokea umeme kuliko sisi wenye magari, na sababu iko wazi: wako barabarani mchana kutwa, na kila shilingi wanayookoa inageuka unga jioni ileile.

Kuna jambo ambalo hesabu za wauzaji huliruka, nalo ni mkopo. Wengi wetu tunanunua gari kwa sacco, na kwa kawaida riba ni asilimia moja kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Nikikopa hizo laki sita zote na kulipa kwa ile akiba ya shilingi 12,300 kila mwezi, sitamaliza kwa miaka minne. Itakuwa miaka mitano na nusu hivi. Kwa dada yangu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 6,000, mara nne ya akiba yake. Angekuwa analipia deni kwa jina la kubana matumizi. Nilipomwonyesha mstari huo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, basi mimi niachie Vitz yangu." Nami nikaona amesema sawa.

Matengenezo nayo huvutwa mno katika mabishano haya. Ni kweli kwamba gari la umeme halina oili ya injini, plagi wala chujio la mafuta, na anayekwenda kilomita 2,000 kwa mwezi kwa gari la petroli atamwaga oili kila baada ya miezi miwili au mitatu. Lakini bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na gari lililozidi kwa laki sita hulipiwa bima zaidi kila mwaka. Nilipoweka moja juu ya nyingine, zilikaribia kufutana, nikaziacha zote mbili nje ya hesabu.

Betri ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Leaf za aina hii zilizotumika hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Zinategemea hewa tu. Joto huichosha betri ya aina hiyo, na Kisumu, iliyo mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, mchana hufika nyuzi 30 bila shida, tofauti na Nakuru iliyo juu zaidi na yenye hewa baridi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Leaf za zamani za betri ya 24 haziletwi tena, na zile unazokutana nazo kwa bei ya kuvutia zimekwisha kuzunguka hapa nchini kwa miaka. Kwa safari kama yangu nisingeigusa hata kama ningepewa kwa nusu bei, kwa sababu ilipokuwa mpya kabisa ilikwenda kilomita 135 hivi, na sasa imezeeka.

Kwenye yadi moja hapa Kisumu nilikaa ndani ya Leaf ya betri ya 40 kwa muda mrefu kuliko muuzaji alivyopenda. Upande wa kulia wa kioo cha vipimo kuna safu ya vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki wa betri, ambavyo havihusiani na kiasi cha chaji kilichomo wakati huo. Kimoja kilikuwa kimezimika. Rafiki yangu alikuwa na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, tukafungua programu ya LeafSpy kwenye simu, ikaonyesha afya ya betri kuwa asilimia 81. Hiyo maana yake ni kwamba betri iliyozaliwa na uniti 40 sasa inabeba 32 hivi, na gari litakwenda kama kilomita 190 tukiwa waangalifu. Usitosheke na vijiti pekee, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa ili vyote vionekane vimejaa; liendeshe gari, uone asilimia zinavyoshuka kwa kila kilomita kumi.

Tulilipeleka hadi juu ya Riat. Kupanda, asilimia zilishuka haraka kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Kugeuza na kuteremka, ziwa likiwa mbele yetu lote, niliondoa mguu kwenye kichapuzi na gari likaanza kujizuia lenyewe kwa kuigeuza mota kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Tulipofika Mamboleo chaji ilikuwa imepanda kwa asilimia moja kuliko tulipokuwa kileleni. Breki nilizikanyaga mara chache tu. Kwa anayefahamu harufu ya breki za magari yanayoteremka pale, hilo peke yake ni jambo la kufikiria.

Mlima wenyewe unaweza kupimwa, tena kwa fizikia ya kidato cha tatu. Leaf pamoja na dereva ni kilo 1,600 au zaidi kidogo. Kuinua uzito huo mita 1,000 kunahitaji kilowati-saa 4.4, mbali na zile za kawaida za kusonga mbele. Kutoka Kisumu hadi Mau Summit unapanda mita 1,300 hivi, ukipita Ahero, Awasi, Kericho na Londiani. Hiyo ni karibu uniti sita za ziada, takriban moja ya tano ya betri ile ya asilimia 81. Na hadi Nakuru ni kilomita 185 na ushei. Kwa hiyo jibu la swali la Nairobi ni kwamba Leaf ya namna ile haitafika hata Nakuru kwa chaji moja, na asikudanganye mtu. Vituo vingi vya kuchaji kwa haraka viko Nairobi kwenyewe, na soketi ya Leaf, ile ya CHAdeMO, haifanani na ile ya CCS2 inayotumiwa na magari mengi mapya.

Dada yangu, kila mwisho wa mwezi unaomruhusu, huenda kwa wakwe zake Bungoma, kupitia Timboroa iliyo karibu mita 2,700, kisha Eldoret. Ni zaidi ya kilomita 250, na mara nyingine safari hiyo humjia kwa simu ya msiba usiku wa manane. Hawezi kuwaambia waombolezaji wangoje gari lichaji. Mimi upande wangu sina safari ya namna hiyo isiyo na njia nyingine. Kwetu kwa asili ni Luanda, kaunti ya Vihiga, si mbali na Kisumu, na nikilazimika kwenda Nairobi nitapanda basi, au treni, au nitaazima gari la shemeji na kumjazia tangi.

Sasa nirudi kwenye swali la mahali gari linapolala. Dada yangu huegesha chini ya ghorofa, kwenye uwanja wa wapangaji wote, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya waya unaoteremka kutoka orofa ya tatu. Kwa mtu wa hali hiyo mjadala umekwisha kabla haujaanza. Mimi nina ua na mita yangu. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 kwa volti 240 inasukuma kilowati 2.4, hivyo uniti 16 za safari yangu zitaingia kwa muda usiozidi saa saba, nami nimelala. Lakini mzigo wa saa saba mfululizo haupaswi kuwekwa kwenye soketi inayoshirikiana na jokofu na pasi. Unahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi, swichi yake ya kujikata, na waya wa kutuliza umeme ardhini ambao fundi ameupima kwa mita, asiwe ameuona kwa macho tu. Waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani ulitengenezwa kwa umeme wa huko, wa volti 100 au 200, na ni lazima fundi aukague kabla haujachomekwa ukutani kwetu.

Umeme hukatika, najua. Lakini Aprili 2022 petroli nayo ilikatika, na wenye magari wa magharibi mwa Kenya walipanga foleni kwenye vituo vilivyokuwa vikiuza kwa kipimo. Gari linalotumia nusu ya betri kwa siku linaweza kuvumilia usiku mmoja wa giza likaenda kazini kesho yake, sharti usiliache lifike mwisho kabla ya kulichomeka.

Kuna suala la bei ya umeme linalonipa matumaini zaidi ya yote. Tangu Aprili 2023 ipo bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni ya chini, kabla ya kodi na tozo nyingine, kwa anayetumia zaidi ya uniti 200 kwa mwezi. Safari yangu ya Kakamega hutumia kama 356, kwa hiyo ninavuka kiwango hicho. Hata tozo zikiongezwa, kuchaji usiku kwa bei hiyo kungeufupisha ule muda wa miaka mitano na nusu kwa kiasi kikubwa. Na kuna busara ndani yake: visima vya mvuke vya Olkaria, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, havilali usiku kama tunavyolala sisi. Mvuke unaendelea kupanda Naivasha wakati viwanda na majiko yamezimwa. Petroli ninayoinunua leo imevuka bahari, ikashushwa Mombasa na kusukumwa kwa bomba hadi Kisumu, ikilipwa kwa dola. Umeme wa usiku unatoka chini ya Bonde la Ufa, katika kaunti ileile anamoishi dada yangu. Nalitaka sana jambo hili lifanikiwe, na ndiyo maana sipendi kuliona likiuzwa kwa hesabu zilizopakwa rangi.

Hesabu yangu yenyewe ina mahali panapoweza kutikisika. Katika kila lita ya petroli mna tozo ya kutunza barabara, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024. Gari la umeme linapita kwenye lami ileile bila kuilipa. Serikali haitaliachia hilo milele, na siku itakapotafuta njia ya kuwatoza wenye magari ya umeme, sehemu ya akiba yangu itaondoka. Hata unafuu wa ushuru wa bidhaa, uliopunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10 kwa magari ya umeme mwaka 2019, unaweza kubadilishwa kwa Mswada mmoja wa Fedha.

Magari ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kama Toyota Aqua, niliyafikiria kwa muda mfupi. Yanabana mafuta kweli, na kwa mtu wa safari ndefu asiye na mahali pa kuchaji huenda ndiyo suluhu. Mimi sikuyataka kwa sababu ukinunua lililotumika unabeba betri ya kuzeeka na injini ya kumwagia oili kwa pamoja.

Fundi wangu wa Kibuye, ambaye nimemwamini kwa miaka mingi, bado hajakubali. "Mwalimu," aliniambia akifuta mikono, "Vitz ikizimika hata Butere, mtu wa kuifungua hukosi. Hii yako ikigoma utaniita mimi, na mimi nitamwita nani?" Nilikiri kwamba kwa betri na vifaa vya umeme mkubwa ana haki kabisa, na kwamba siku ya kuuza Vitz itapata mnunuzi upesi kuliko Leaf. Lakini vizuia mshtuko (shock absorbers), bushi, tairi na breki ni zilezile alizozizoea. Tena betri inayopungua kwa asilimia mbili au tatu kila mwaka, baada ya miaka sita itakuwa bado inanifikisha Kakamega na kunirudisha, kwa sababu tangu siku ya kwanza ninahitaji nusu yake tu.

Nimeamua kununua Leaf, lakini kwa sharti kwamba angalau nusu ya zile laki sita zitoke kwenye akiba na si kwenye sacco, na kwamba nisilipie gari lolote lenye afya ya betri chini ya asilimia 80. Dada yangu amekwisha kulipa amana ya Vitz ya injini ya lita moja, ya rangi ya fedha, na wiki ijayo anakwenda kuichukua. Fundi wa umeme atakuja kwangu Jumamosi kupima waya wa kutoka kwenye boksi hadi chini ya mwembe, mahali ambapo gari litapata kivuli mchana, kisha nitapeleka ombi la mita ya pili kwa ajili ya ile bei ya usiku. Likijibiwa nitaandika hapa imegharimu kiasi gani na imechukua muda gani.